Shule za awali za umma Marekani: linganisha chumba, usilinganishe jina la shule

Mzazi akifungua tovuti ya kukadiria shule, jicho linakwenda kwanza kwenye alama: shule hii nane kati ya kumi, ile nne. Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne alama hiyo haina kazi. Mitihani ya kusoma na hisabati inayodaiwa na sheria ya shirikisho huanza darasa la tatu, kwa hiyo namba ile inawahesabu watoto wa miaka minane kwenda juu, ambao wengi wao hawakupitia darasa la awali la jengo hilo, au walilipitia chini ya mwalimu aliyekwisha kuondoka. Tumewaona wazazi wakiacha darasa zuri la mtaa wa pili kwa sababu ya ile nne, wakakubali kumwendesha mtoto dakika arobaini kila asubuhi hadi kwenye ile nane, ambako watoto ishirini hukaa mkekani wakingoja zamu ya kunawa mikono.

Haya tumeyajua kwa kukaa na wazazi wanaozungumza Kiswahili, wengi wao wageni nchini, wakichagua kati ya shule nne tano za wilaya moja ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo. Tofauti kubwa haiko kati ya wilaya na wilaya. Iko kati ya chumba na chumba ndani ya wilaya hiyohiyo, wakati mwingine ndani ya korido moja.

Utafiti nao unatia shaka alama za mitihani. Boston iliwahi kugawa nafasi za darasa la awali kwa bahati nasibu kwa sababu waombaji walizidi nafasi. Watafiti waliowafuatilia watoto walioomba kati ya 1997 na 2003 walikuta kwamba walioshinda walikwenda chuo kwa wingi zaidi mara baada ya sekondari, ilhali matokeo yao ya mitihani ya jimbo hayakupishana na ya wenzao. Tennessee ilikuwa kinyume: ripoti ya 2022 ilionyesha kwamba waliopata nafasi katika mpango wa jimbo, walipofika darasa la sita, walikuwa nyuma ya wale waliokosa, kwenye mitihani na kwenye nidhamu pia. Mipango yote miwili ni ya umma. Neno "ya umma" peke yake halimhakikishii mzazi kitu.

Anza na swali ambalo wengi hawaliulizi: fedha za darasa hili zinatoka wapi? Chini ya paa moja kunaweza kuwa na darasa la Head Start, darasa la jimbo, darasa linalolipiwa na fedha za Title I (msaada wa shirikisho kwa shule zenye watoto wengi wa familia maskini), darasa la elimu maalumu, na darasa ambalo wilaya inamtoza mzazi ada. Mabango ya mlangoni yanafanana, masharti hayafanani.

Head Start ni mpango wa shirikisho ulioanza 1965, na kanuni zake ni zilezile kila jimbo. Darasa la watoto wa miaka minne halizidi watoto 20, la miaka mitatu halizidi 17, na kila darasa lazima liwe na watu wazima wawili. Likiendeshwa kwa zamu mbili kwa siku, asubuhi kundi moja na mchana jingine, vikomo vinashuka hadi 17 na 15. Mtoto hupimwa ukuaji wake ndani ya siku 45 tangu aanze, mwalimu huitembelea familia nyumbani angalau mara mbili kwa mwaka, na mpango hauruhusiwi kumfukuza mtoto kwa sababu ya tabia yake. Hili la mwisho tunawasisitizia wazazi wenye watoto wachangamfu kupita kiasi, maana madarasa mengine huwa na njia ya upole ya kumwambia mzazi kwamba mtoto "hayuko tayari". Anayestahili ni mtoto wa familia yenye kipato kisichozidi mstari wa umaskini wa shirikisho, familia inayopata SNAP (msaada wa chakula), TANF (msaada wa fedha kwa familia maskini) au SSI (malipo kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo), mtoto wa malezi ya kambo, au asiye na makazi.

Darasa la jimbo lina masharti ya jimbo lake, na hapo ndipo wazazi huumizwa na ushauri wa ndugu aliye jimbo jingine. California inamchukua bure kila mtoto anayetimiza miaka minne kufikia tarehe 1 Septemba. Jiji la New York linahesabu mwaka wa kuzaliwa mzima, hadi 31 Desemba. Texas nayo ina tarehe 1 Septemba, lakini nafasi ya bure ni ya makundi maalumu, na mojawapo ni la watoto wasiozungumza na kuelewa Kiingereza. Mtoto anayekua kwa Kiswahili anaweza kuingia kwa mlango huo hata kama kipato cha wazazi kimezidi kiwango. Hapo Dodoso la Lugha ya Nyumbani, fomu ya uandikishaji inayouliza lugha inayozungumzwa nyumbani, lina uzito wake. Wapo wazazi wanaoandika Kiingereza wakihofia mtoto atatengwa, kumbe wamejifungia nafasi wenyewe. Andika Kiswahili kama ndicho kinachozungumzwa nyumbani.

Kwa kipimo cha jumla, taasisi ya NIEER ya Chuo Kikuu cha Rutgers, inayolinganisha mipango ya majimbo, inataka darasa lisizidi watoto 20 na kila mtu mzima asiwe na zaidi ya watoto 10. Tumia namba hizo kama mstari wa chini, kisha uliza zinavyotekelezwa, kwani karatasi na chumba ni vitu viwili.

Uwiano huvunjikia chooni. Choo kikiwa ndani ya chumba, mwalimu anamtazama mtoto huku akiwaona wengine. Kikiwa mwisho wa korido, kila safari inamtoa mtu mzima mmoja, na darasa la watoto 20 linabaki na mmoja kwa dakika kadhaa, mara nyingi kwa siku. Walimu hujikinga kwa kuwapeleka wote pamoja kwa foleni, na hapo dakika kumi na tano zinakwenda kwa kusimama ukutani. Zidisha kwa mara tatu nne kila siku. Katika wilaya ambayo kila shule inakuambia "mmoja kwa kumi", mahali pa choo panakueleza mengi kuliko kauli hiyo.

Pa pili panapovunjika ni kwa mwalimu msaidizi. Katika majengo ya shule ya msingi, mwalimu wa darasa la tatu akikosekana, mkuu wa shule huwa na kishawishi cha kumchomoa msaidizi wa darasa la awali kwenda kuziba pengo, au kumpeleka kusimamia chakula cha mchana cha watoto wakubwa. Usimuulize mkuu "mna wasaidizi?" Muulize: "Msaidizi asipokuja leo, nani anaingia chumbani, na anafika saa ngapi?" Jibu la mtu mwenye mpango lina jina la kazi na saa. Jibu la asiye na mpango ni "huwa tunajipanga". Swali lingine lenye manufaa ni miaka mingapi mwalimu na msaidizi wake wamefanya kazi pamoja katika chumba hicho. Wawili waliozoeana hugawana watoto bila kusemezana, na ukikaa nusu saa utaliona hilo mwenyewe.

Saa zihesabu kwa mwaka, usizihesabu kwa siku. Darasa la nusu siku la saa mbili na nusu, siku nne kwa wiki, kwa wiki 36, linampa mtoto saa 360. Darasa la siku nzima la saa sita na nusu, siku tano, kwa wiki hizohizo, linampa saa 1,170. Yote mawili hutangazwa kuwa "darasa la awali la bure", na moja ni zaidi ya mara tatu ya jingine. Head Start inazitaka programu zake zitoe saa 1,020 kwa mwaka kwa angalau asilimia 45 ya nafasi za vituoni. Chukua kalenda ya wilaya, toa likizo, toa siku za mafunzo ya walimu, na uulize kama darasa la awali linaanza siku moja na shule nzima. Madarasa mengi ya awali huanza baadaye na kwa zamu ndogondogo, ili watoto wazoee, na mzazi aliyeanza kazi mpya mwezi Agosti hukuta hana pa kumweka mtoto.

Kwa familia yenye wazazi wawili wa zamu za kiwandani au hospitalini, saa za mwisho wa siku ndizo zinazoamua kila kitu. Darasa linalofunga saa nane na nusu mchana bila huduma ya jioni ni darasa ambalo haliwezekani, hata liwe bora namna gani. Uliza kama huduma hiyo iko jengo lilelile, kama inawapokea watoto wa miaka minne au huanza miaka mitano, na inatoza kiasi gani. Uliza pia kuhusu basi kabla ya jambo lolote la ufundishaji. Wilaya nyingi haziwabebi watoto wa darasa la awali kwa basi la njano, isipokuwa wale ambao usafiri umeandikwa katika mpango wao wa elimu maalumu, kwa kuwa watoto wadogo wanahitaji viti vyenye mikanda maalumu na msimamizi.

Sasa ziara yenyewe. Usiku wa kuwakaribisha wazazi hauonyeshi kitu: meza zimepangwa, watoto hawapo. Omba kuja kati ya saa tatu na saa nne na nusu asubuhi, siku ya kawaida katikati ya wiki. Baadhi ya shule hukataa kwa sababu za usalama. Hapo omba nusu saa na mwalimu mwenyewe darasa likiwa limefunguliwa, au ulizia siku ambayo wazazi huingia kusoma vitabu na watoto.

Ukipata kiti pembeni, usiangalie mapambo. Chukua karatasi, na kila baada ya dakika tano andika mstari mmoja wenye mambo matatu: watu wazima wanafanya nini, watoto wangapi wanangoja tu, na sentensi ya mwisho uliyomsikia mtu mzima akimwambia mtoto. Ukikaa dakika 45 utakuwa na mistari tisa. Mistari mitatu au zaidi ikionyesha kundi kubwa la watoto linangoja, kwetu hiyo ni dosari nzito, kwa sababu mtoto wa miaka minne anayengojeshwa hujifunza kusukumana, kisha tunaambiwa ana tatizo la tabia.

Safu ya sentensi ndiyo yenye dhahabu. Zipange makundi mawili. Kuna amri na maswali yenye jibu moja: "Kaa chini", "Hii ni rangi gani?", "Hesabu mpaka kumi". Na kuna maneno yanayomfanya mtoto afikiri na kuongeza: "Kwa nini maji yamekwenda upande ule?", "Ungejengaje ili usianguke?" Kisha sikiliza kama mazungumzo yanaendelea: mtoto anasema, mwalimu anajibu alichosema mtoto, mtoto anaongeza, mwalimu anaongeza. Zamu nne za namna hiyo ni mazungumzo ya kweli. Darasa lisilo na hata moja kwa dakika 45 halitamjengea mtoto lugha, iwe Kiingereza au nyingine yoyote.

Wakaguzi wenyewe hufanya jambo lililo karibu na hilo. Kipimo kinachoitwa CLASS, kinachotumika katika ukaguzi wa Head Start, kinatoa alama 1 hadi 7 katika maeneo matatu: msaada wa kihisia, mpangilio wa darasa, na msaada wa kufundisha. Eneo la tatu, lililojaa hayo maswali na mazungumzo, ndilo ambalo kwa kawaida hupata alama za chini kuliko mengine. Kwa hiyo mwalimu mpole mwenye chumba kilichotulia si haba, lakini hajamaliza kazi. Omba alama za shule kwa kila eneo, usiridhike na wastani mmoja, kwani wastani huficha eneo la tatu nyuma ya mawili ya kwanza.

Kuhusu mtaala, usipoteze muda. Ndani ya wilaya moja shule zote kwa kawaida hutumia mtaala mmoja, iwe Creative Curriculum, HighScope au mwingine, kwa hiyo kuuliza "mnatumia upi?" hakutofautishi shule na shule. Omba ratiba ya jana. Siyo ratiba iliyobandikwa, ya jana yenyewe: walitoka nje dakika ngapi, walicheza kwa kuchagua wenyewe kwa muda gani mfululizo, walikaa mkekani mara ngapi. Tunapenda kuona angalau dakika 45 za kuchagua bila kukatizwa, maana mchezo wa watoto wa umri huo huchukua muda kupanda, na kengele ikilia baada ya dakika kumi na tano hakuna kilichojengwa. Mkeka usizidi dakika kumi na tano kwa mara moja.

Uwanja nao uangaliwe. Miongozo ya usalama ya Marekani hutenganisha vifaa vya kuchezea vya miaka 2 hadi 5 na vya miaka 5 hadi 12. Shule ya msingi iliyopewa darasa la awali juzijuzi inaweza kuwa na vya kundi la pili tu, na matokeo yake watoto wadogo huzungushwa kwenye lami au hubaki ndani. Hilo huwezi kulisoma kwenye tovuti yoyote. Chakula ulizia moja kwa moja, hasa kama nyumbani hamli nguruwe: nani anaarifiwa, imeandikwa wapi, na mbadala ni chakula kamili au ni mkate mtupu.

Mtoto mwenye shaka ya kuchelewa kusema au ya ulemavu anahitaji ulinganisho wa aina nyingine. Wilaya inawajibika kisheria, chini ya IDEA, sheria ya shirikisho ya elimu ya watoto wenye ulemavu, kumtafuta na kumpima bure kuanzia miaka mitatu, hata kama hajaandikishwa popote. Peleka ombi kwa maandishi, lenye tarehe, na ubaki na nakala. Saa ya sheria huanza siku unapotia sahihi ya kukubali upimaji, na kuanzia hapo kuna siku 60, au muda ambao jimbo limejiwekea. Ombi la mdomo kwa mwalimu mlangoni hupotea. Sheria hiyo inataka mtoto apimwe kwa lugha yake pale inapowezekana, na mkutano wa IEP, yaani mpango wa elimu maalumu wa mtoto mmoja mmoja, uwe na mkalimani kama mzazi anamhitaji. Usimtumie mtoto mkubwa wa nyumbani kama mkalimani siku hiyo. Watoto wengi wanaokutana na Kiingereza kwa mara ya kwanza hunyamaza kwa miezi, na kimya hicho kikipimwa kwa Kiingereza pekee kinaweza kuandikwa kama ulemavu. Kinyume chake pia hutokea: mtoto mwenye tatizo la kweli anaambiwa "ni lugha tu, atazoea", na mwaka unapita. Swali linaloweka mizani sawa ni kama anazungumza Kiswahili vizuri kwa umri wake nyumbani. Mjibu mpimaji kwa mifano ya sentensi anazozisema.

Ukishapata mpango, linganisha shule kwa jambo moja: mtoto atakaa na watoto wasio na ulemavu kwa sehemu gani ya siku, na mtaalamu wa usemi anamjia chumbani au anamtoa nje. Wilaya ikikupa shule moja tu, una haki ya kuuliza kwa nini zile nyingine hazifai, na jibu liandikwe.

Kuhusu fomu ya kuchagua shule, jiji la New York na Washington, D.C. huruhusu kupanga hadi shule 12, na mfumo umetengenezwa ili mzazi apange kwa ukweli: ya kwanza iwe unayoitaka zaidi, hata kama nafasi ni chache. Wazazi hukosea kwa namna mbili. Wapo wanaoandika shule moja tu wakidhani wataushinikiza mfumo. Wakikosa hapo, wamekosa kila mahali. Wengine wanaweka juu shule "rahisi" ili wasipoteze, halafu wanapangiwa hiyohiyo ilhali wangeweza kupata waliyoipenda. Kujaza mistari mingi hakupunguzi nafasi yako katika mstari wa kwanza. Ila usiandike shule ambayo usingempeleka mtoto.

Nyaraka zinazoombwa kwa kawaida ni cheti cha kuzaliwa au pasipoti, rekodi ya chanjo, fomu ya daktari, na uthibitisho wa makazi. Hapa kuna kundi linaloteseka bure. Familia iliyopoteza nyumba au iliyobanwa na hali ikaenda kuishi kwa ndugu, watu wawili watatu chumbani, inahesabiwa na sheria ya McKinney-Vento kuwa haina makazi ya kudumu, na sheria hiyo inagusa pia shule za awali zinazoendeshwa na wilaya. Kukosa bili ya umeme yenye jina lako hakutakiwi kumzuia mtoto kuandikishwa. Kila wilaya ina afisa wa kazi hiyo, aitwaye "McKinney-Vento liaison". Mtaje kwa cheo ofisini, waulize yuko wapi.

Jambo moja huwashtua wazazi mwaka unaofuata. Nafasi ya darasa la awali, hasa katika shule iliyo nje ya eneo lako, mara nyingi haimpi mtoto nafasi ya chekechea (kindergarten, mwaka unaotangulia darasa la kwanza) hapohapo. Ataomba upya, au atarudi shule ya mtaa wake. Ikiwa unalinganisha darasa la awali la mbali na la shule mtakayoishia, uliza swali hilo kabla ya kupanga, na jibu lake uliandike kando ya jina la kila shule.

Kama umepata namba kwenye orodha ya kusubiri, usikate tamaa mwezi Juni. Orodha husogea zaidi baada ya masomo kuanza, watoto waliopangiwa wasipotokea na majina yao kufutwa. Nambari yako ya simu iwe ileile uliyoandika kwenye fomu, pokea hata namba usiyoijua, na uwe na rekodi ya chanjo tayari, maana muda wa kujibu huwa mfupi na nafasi huenda kwa anayefuata. Piga simu ofisini mara moja kwa wiki kuanzia siku ya kwanza ya shule, utaje namba yako, uulize ni watoto wangapi bado hawajaripoti.